Katembo wa Vioo na Mkono wa Ndani

Papa Katembo Anselme anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya kuitumikia Garaji ya Ushirika Tujenge, hapa Kasongo, kwa miaka thelathini na minne. Kwa muda wote huo kazi yake imekuwa moja: kubadilisha mipira inayoshika kioo cha mbele na kioo cha nyuma kwenye magari ya zamani. Wengine walianza na matairi wakapanda hadi kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine wakafika ofisini. Yeye alianza na kioo na anamalizia na kioo, na hajawahi kuomba kitu kingine.

Wasifu huu ni mrefu kuliko zile tulizozoea kubandika ukutani, na inafaa sababu ijulikane mapema. Wiki mbili zilizopita kamati ya ushirika iliamua kwamba Papa Katembo akiondoka, kibanda cha vioo kifungwe, na Nadine, msaidizi wake, aambiwe asante na arudi nyumbani. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna mwingine anayeijua kazi ile. Sababu hiyo haikuwa ya kweli, na mwandishi wa maneno haya, aliyetunza stoo ya garaji mpaka miguu ilipomshinda, alilijua hilo siku ile ile. Daktari amemweleza hali ya moyo wake bila kuzunguka. Mtu aliyefika hapo hana haja tena ya kupendeza watu, na si vizuri aondoke na neno ambalo lingemsaidia anayebaki. Kwa hiyo ataanza na mzee, kama adabu inavyotaka, kisha atafika kwa Nadine.

Papa Katembo ni mtu wa Butembo. Alishuka kusini mwa Maniema akiwa kijana, akitafuta dhahabu Lusangi, kama walivyofanya wengi kabla yake na wanavyofanya wengi hadi leo. Dhahabu haikumpenda. Alichopata Lusangi ni mke, Mama Nsimire, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji chumvi na samaki wakavu. Alipata pia dereva mmoja wa lori aliyekuwa akihangaika na kioo kilicholegea. Katembo alimsaidia kukirudisha kwa kamba ya kiatu, na dereva akamleta Kasongo kwenye garaji yetu kama mtu anayeleta zawadi. Hadithi hii yeye huisimulia kwa namna tofauti kila mwaka. Mwaka mmoja gari lilikuwa Bedford, mwaka mwingine Mercedes, na siku moja, mbele ya wageni kutoka Kindu, yalikuwa malori mawili.

Lazima isemwe wazi kwamba Papa Katembo si mnyenyekevu. Akimaliza kazi, haondoki mpaka watu watatu wawe wamekuja kutazama, na kama hawajaja, anawaita. "Macho ya mutu, ni Mungu aliyaweka," huwaambia. "Macho ya gari, ni mimi." Kwenye mkutano wa mwaka, kila fundi alipotakiwa kueleza kazi yake kwa ufupi, yeye alisema kwa ufupi kwamba bila yeye Kasongo nzima ingelowa. Tulicheka, lakini tulimwamini, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kama itakavyoonekana.

Vijana wengi wa hapa wamekulia juu ya pikipiki, kwa hiyo kazi yake inahitaji kuelezwa. Kwenye gari la siku hizi parebrizi, yaani kioo cha mbele, hubandikwa kwa gundi. Kwenye Peugeot 404, kwenye Land Rover za kale na malori ya zamani, kioo kinashikwa na mpira mmoja unaokizunguka chote. Mpira huo una mifereji miwili: mmoja unashika kioo, wa pili unashika ukingo wa bati la gari. Jua linaukausha, unapasuka, maji yanaingia, bati linaliwa na kutu, na siku moja kwenye mashimo ya njia ya Kabambare kioo kinaanza kucheza kama jino la mtoto.

Fundi anaukata mpira wa zamani kwa kisu, anatoa kioo, anakwangua kutu, anapaka rangi na kungoja ikauke vizuri. Mpira mpya, ukiwa umepatikana Bukavu, au mpira mzima uliotolewa kwenye gari lililokufa, unaanikwa kwanza juani ili ulainike. Kisha unavishwa kioo. Kamba nyembamba inalazwa ndani ya ule mfereji wa pili, kuzunguka wote, na ncha zake zinapishana chini, katikati. Kila mahali panapakwa maji ya sabuni. Baada ya hapo wanahitajika watu wawili. Wa nje anakisimamisha kioo mahali pake na kukipiga kwa kiganja. Wa ndani, ameketi kwenye kiti cha gari, anavuta kamba kidogo kidogo, nayo inavyotoka inaugeuza mdomo wa mpira ukae juu ya ukingo wa bati na kuushika. Wa ndani akiharakisha, mdomo unachanika. Wa nje akipiga mahali ambapo kamba haijafika, kinachopasuka ni kioo, na kioo cha 404 hakiuzwi katika soko la Kasongo.

Mafundi wote hukosea, na kosa kubwa la Papa Katembo linajulikana hadi kijijini Wamaza. Ilikuwa mwanzoni mwa kazi yake. Njia zilikuwa zimeharibika, sabuni imeadimika, na Land Rover ya mfanyabiashara mmoja ilikuwa inangoja. Katembo akatangaza kwamba sabuni ni ya watu wasiojua, akapaka mpira mafuta ya mawese. Kioo kiliingia bila kelele, kama ugali unaoteleza kooni, na siku hiyo alijisifu hadi jioni. Hakujua kwamba mawese huufanya mpira uvimbe na kulegea, wala hakukumbuka kwamba panya wa Kasongo wanapenda mawese kama sisi wengine. Walikuja kuula mpira huo kila usiku. Baada ya wiki chache, Katembo mwenyewe akiwa abiria kwenye gari hilo kuelekea Kabambare, kioo kiliwaangukia magotini yeye na dereva. Dereva alisimama, akamtazama, akangoja neno.

"Basi," Katembo akasema, "sasa tunaona barabara muzuri."

Tangu siku hiyo sabuni haikukosekana tena kwenye kibanda chake, na kwa miaka mingi wachokozi walimwita Papa Mawese. Aliitika.

Miaka ya vita haikuwa na vichekesho. Magari yalichukuliwa au yalivunjwa, na garaji ikabaki na kuta. Katembo alivifunga vioo vyote vya stoo kwa vitenge vya Mama Nsimire, akavizika shambani na kupanda mihogo juu yake. Waliokuja kutafuta mali walipita juu ya mihogo hiyo. Barabara zilipofunguliwa, garaji yetu ndiyo iliyokuwa na vioo vya kuanzia. Hilo ni jambo ambalo Papa Katembo halisimulii sana, labda kwa sababu halihitaji kuongezewa chumvi.

Tufike sasa kwa Nadine. Alikuwa akiuza vipande vya sabuni kwenye lango la garaji, na Katembo alikuwa mteja wake mkubwa. Msaidizi wa wakati ule, Chadrack, alikuwa ameacha kamba na kwenda kuchimba dhahabu. Siku moja Katembo alikuwa nje ya gari ameshika kioo kwa mikono miwili, kimeshavishwa mpira, na ndani hapakuwa na mtu. Akamwita muuza sabuni.

"Mama wa sabuni, ingia humu. Vuta kile kikamba."

"Na sabuni yangu, nani atachunga?"

"Iko karibu kuisha yote kwa hiki kioo. Ingia."

Aliingia, na hakutoka. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kelele. Katembo alishikilia kwamba mtu wa nje ndiye fundi, na mtu wa ndani anakokota tu kamba. "Vuta polepole, Nadine," alikuwa akipaza sauti. "Unavuta kama mutu anatoa mbuzi kwa shamba ya jirani." Naye Nadine, akiwa ndani ya gari, alijibu, "Mbuzi haina makelele kama yako, Papa." Sisi wa stoo tulijua kazi inakwenda vizuri tuliposikia wanagombana. Wakinyamaza, tulijua kuna kona ngumu.

Garaji nzima ilizoea wimbo wa kazi yao. Katembo alisema "Vuta", kamba ikasogea. Akapiga kioo kwa kiganja, akasema tena "Vuta". Ilikuwa hivyo kwa miaka.

Kiasi cha miaka mitatu iliyopita wimbo huo ulibadilika. Mwandishi alikuwa ameacha kazi tayari, lakini alikuwa bado anaweza kujikokota hadi garajini, na alizoea kuketi kwenye benchi karibu na kibanda cha vioo. Asubuhi moja alimsikia Nadine akisema kwa sauti ya chini kutoka ndani ya gari, "Piga, Papa. Chini kidogo. Hapo hapo." Kisha sauti kubwa ya Katembo ikatangaza kwa garaji nzima, "Chini kidogo! Hapo hapo!" kana kwamba neno limetoka kwake. Nadine akasema taratibu, "Kona ya kushoto." Katembo akapaza, "Kona ya kushoto!" Wateja waliosimama pale walitikisa vichwa kwa heshima.

Macho ya Papa Katembo yalikuwa yameingiwa na ukungu, ule ugonjwa tunaouita mtoto wa jicho. Aliliona gari linapoingia langoni, lakini mdomo wa mpira, ambao ndio kazi yenyewe, hakuuona tena. Tangu hapo anayepima mpira, anayechagua unene wa kamba, anayekagua kutu na anayeamua mahali pa kupiga ni Nadine, akiwa ameketi kwenye kiti cha gari. Katembo alibaki nje na kiganja chake. Hakuna aliyeficha kitu. Kazi ilifanyika mchana, mbele ya watu. Ni kwamba sisi sote tulikuwa tumefundishwa na Katembo kumtazama mtu wa nje.

Nadine aliulizwa na mwandishi kwa nini hasemi. Alijibu, "Huyu amenifundisha, baba. Nitamutoa mbele ya watu namna gani?" Katembo naye hakuulizwa. Haikuwa rahisi kumuuliza.

Wiki mbili zilizopita, basi, kamati ilikutana kupanga kustaafu kwake. Mwenyekiti wetu, Prezida Christophe, ni mtu wa haki na mwenye haraka. Alisema kwamba magari ya zamani yamebaki machache. "Pikipiki haina parebrizi," alisema, na wengi walicheka. Kisha akauliza, "Zaidi ya Papa Katembo, kuna mutu anaweka vioo hapa?" Akamgeukia mwandishi, aliyealikwa kama mzee wa stoo. Mwandishi alimtazama Katembo, aliyekuwa ameketi mbele amevaa koti lake la sherehe, akajibu kwamba kwenye vioo anayejulikana ni Katembo. Alidhani anamtunzia rafiki yake heshima. Prezida akasema, "Basi kazi inaondoka na mwenyewe." Ikaandikwa, na Nadine hakuwapo.

Majivuno ya miaka mingi yalikuwa yameiva siku hiyo, na aliyeyavuna alikuwa mtu mwingine. Nadine ana watoto wawili na mama mgonjwa, na sabuni siku hizi inauzwa kwenye kila mlango.

Kesho yake Katembo alikuja nyumbani kwa mwandishi, akiongozwa na Mama Nsimire kwa sababu ya macho. Hakukaa.

"Muzaliwa," alisema, akimwita mwandishi kwa jina, "umenipenda vibaya."

"Ungesema wewe mwenyewe. Ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale na koti. Mutu akivaa koti anakuwa mujinga."

Mama Nsimire akasema kwamba wazee wawili wanaweza kulaumiana mpaka mihogo iive, lakini mtoto wa watu anafukuzwa mwisho wa mwezi. Akauliza ni gari gani limebaki kwenye kibanda. Lilikuwa limebaki moja tu, na lilikuwa la Prezida Christophe mwenyewe: Peugeot 404 ile nyeupe ambayo hubeba maharusi wa Kasongo. Mpira wake wa mbele ulikuwa umekwisha. Jumamosi gari hilo lingembeba Emmanuella, binti yake Prezida, kutoka nyumbani hadi kanisani, na mvua zilikuwa bado hazijaacha. Katembo alisikiliza, akaomba aongozwe kurudi garajini.

Siku ya kuweka kioo kile, Prezida alikuja kusimamia, na mwandishi aliletwa kwa pikipiki, polepole, akawekwa kwenye benchi lake. Mpira ulikuwa umevishwa, kamba imelazwa, sabuni imepakwa. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa ilijulikana ni kioo cha mwisho cha Papa Katembo. Yeye akapapasa mlango wa gari, akaufungua, akaingia na kuketi ndani. Nadine alibaki nje, ameshika kioo.

"Katembo," Prezida akasema, "hii gari ni ya harusi. Haiko ya kujifunzia."

"Nijifunze lini, Prezida? Mwezi ukiisha naenda kulima Wamaza," Katembo akajibu kutoka ndani. Kisha akasema kwa sauti ile ile aliyojisifia nayo maisha yake yote, ili watu wote wasikie, "Macho yangu imekufa tangu miaka tatu. Vioo vyote muliona hapa, ni huyu mama aliviweka. Mimi nilikuwa ngoma tu. Nadine, sema."

Watu wakasogea karibu. Nadine alikuwa ameshika kioo na hakuwa na mkono wa kujifutia uso. Akasema, "Vuta, Papa."

Katembo akavuta kwa nguvu, kwa sababu hakuwa amezoea upande ule. Nadine akamsimamisha. "Papa, hiyo mbuzi ni ya jirani. Polepole." Hapo watu wakacheka, Katembo kuliko wote, na kazi ikaendelea. Nadine aliona, akapiga, akaamuru. Kamba ikatoka yote kwa mvuto mmoja mrefu kwenye kona ya mwisho. Kwenye kona hiyo alikaa muda, akipitisha kidole juu ya mpira, akarudisha sehemu ndogo iliyokuwa imejikunja. Hakumwita mtu aje kutazama.

Desturi ya garaji yetu ni kwamba kazi ikimalizika, mwenye gari anaketi ndani na nguo alizokuja nazo, na maji yanamwagwa juu ya kioo. Prezida Christophe alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aliketi. Ndoo zikamwagwa, na yeye akatazama juu, kushoto, kulia, na kupitisha kiganja chini ya mpira. Palikuwa pakavu. Tulipokuwa tunaanza kupiga makofi, alifungua mlango na kuonyesha bega lake. Lilikuwa na alama ya maji.

"Na hii?"

Nadine aliinama, akatazama. "Hiyo haitoki kwa parebrizi, Prezida. Ni mpira wa mlango. Nao umekufa. Ni kazi ya wiki ijayo."

"Wiki ijayo Katembo hayuko."

"Mimi niko," Nadine akasema, "kama munanitaka."

Prezida alitazama bega lake, akatazama kioo, akamtazama Katembo aliyekuwa bado amekaa ndani na kamba mkononi. "Wiki ijayo ni siku gani?" akauliza. Nadine akamwambia ni Jumanne. "Basi Jumanne," Prezida akasema, akaenda kubadili shati.

Kamati ilikutana tena juzi. Kibanda cha vioo hakitafungwa. Fundi wake ni Nadine, na ameruhusiwa kumtafuta mtu wa kumsaidia, ndani au nje, atakavyoamua yeye. Jumamosi ile ya harusi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Emmanuella alifika kanisani mkavu, isipokuwa pindo la gauni lake, ambalo lilikutana na matope aliposhuka, na hiyo si kazi ya garaji.

Mwandishi hatakuwapo kwenye sherehe, kwa sababu moyo hautaki safari hata fupi. Ameomba maneno haya yasomwe jinsi yalivyo, pamoja na sehemu inayomhusu yeye. Papa Katembo ameyasikiliza yote kwa masikio yake kabla hayajapigwa chapa. Alilalamika kuhusu jambo moja tu: kwamba malori ya Lusangi yalikuwa mawili kweli.

Kwa niaba ya mafundi, madereva na familia zote zilizosafiri bila kulowa, tunakushukuru, Papa Katembo. Umetupatia miaka yako mizuri, na mwishoni ukatupatia jambo gumu kuliko kioo chochote. Tunamshukuru Mama Nsimire kwa vitenge vyake na kwa akili yake. Nendeni Wamaza kwa amani. Mihogo yenu ipate mvua, kitanda chenu kikose. Na siku utakaposikia gari la kale likipita huko barabarani wakati wa mvua, usitoke kulikagua. Kaa, maliza chai yako. Nadine ameshalikagua.

Muzaliwa Emile,
mtunza stoo wa zamani